Swali la dada wa Al-Malqa nililolilainisha mbele ya mbunge

Wakuu, assalamu alaykum. Na wasio wa dini yangu nawasalimu kwa heshima ileile.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, tena hayanipambi, kwa hiyo sina sababu ya kuyatia chumvi. Jina la dada nimelibadilisha kwa ridhaa yake. Mbunge nitamwita Mheshimiwa tu, jina lake halitaongeza kitu.

Mimi ni mtu mzima, mjukuu wangu wa kwanza anasoma chuo. Wazazi wangu walitoka Unguja baada ya sitini na nne wakanileta Jeddah nikiwa nabebwa. Alhamdulillahi, nchi hii imenilisha na imenisomesha, na wazazi wangu wamezikwa hapa. Baada ya alasiri nasomesha watoto Qur'ani.

Kwa kuwa Kiarabu na Kiswahili vyote nimekua navyo, watu wetu huniita kila panapotakiwa mtu wa kusema kwa adabu.

Hiyo adabu ndiyo iliyoniponza.

Mheshimiwa ni mbunge kutoka Kenya. Alikuja umra, na vijana wa jumuiya wakamwomba azungumze na watu kabla hajaenda Riyadh kwenye shughuli zake. Wakakodi ukumbi ulio juu ya mkahawa mmoja pale Kandara, hapa hapa Jeddah.

Shida ikawa kina dada wa kazi za nyumbani. Mkutano unawahusu wao kuliko mtu yeyote, lakini wengi hawapewi ruhusa ya kutoka. Vijana wakaamua mkutano urushwe kwenye simu, na namba yangu itangazwe. Mwenye swali aniandikie WhatsApp, mimi nitasoma.

Mheshimiwa anajua kuzungumza, nampa haki yake. Alisema anaandaa hoja ya kusimamisha kupeleka wanawake kufanya kazi za ndani Ghuba mpaka mikataba iandikwe upya. Akasema walio nje ya nchi wapige kura ya kila ngazi, si ya rais peke yake, na wawekewe viti vyao bungeni.

Halafu akasema mbunge asizidi vipindi viwili.

Mzee mmoja fundi cherehani akauliza kutoka nyuma, "Na wewe uko cha ngapi, Mheshimiwa?"

"Cha tatu."

"Kwa hiyo sheria ianze na nani?"

"Ianze na atakayenifuata," akasema, na ukumbi mzima ukacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Basi ikafika zamu ya maswali ya simu. Miongoni mwake lilikuwepo la dada nitakayemwita Nekesa, anayefanya kazi kwenye nyumba moja Al-Malqa, Riyadh. Nalinakili kama lilivyo:

"Mheshimiwa, contract yangu iliisha Ramadhani. Madam amekataa niende, passport ameweka kwa kabati yake. Wewe unataka kuzuia wengine wasikuje. Sisi tuko ndani tayari, nani atatutoa? Jibu bila siasa. Ama ulikuja tu kukunywa chai ya watu?"

Nililipitia kwa macho kwanza, na nilipofika kwenye ile chai nikasita. Mgeni ameketi mbele yangu, kikombe kiko mkononi. Sisi tumelelewa kwamba mgeni haaibishwi, na walimu wangu walinifundisha kwamba kiongozi hupewa nasaha faraghani, si mbele ya kadamnasi.

Nikasoma hivi: "Dada mmoja wa Riyadh anauliza, serikali ina mipango gani kuhusu ustawi wa wafanyakazi walioko huku?"

Mheshimiwa akafurahi. Swali kama hilo linajibika hata na mtu aliyesinzia. Akajibu kwa robo saa, watu wakapiga makofi, tukala sambusa.

Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti. Alikuwa anazungumza chini chini, nyuma yake maji yanamwagika.

"Ustadh, mimi ni Nekesa. Jana nilisikiza mkutano yote nikiwa laundry. Swali yangu ulipeleka wapi? Mimi sikuuliza ustawi. Hiyo neno hata siijui. Niliuliza nitaenda nyumbani lini."

Hakutukana. Afadhali angetukana.

Nikamsikilizisha mke wangu, pamoja na lile swali la asili, nikitarajia aniunge mkono. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bwana, wewe umemjibia Mheshimiwa kabla hajajibu," akasema. "Kile ulichosoma hata mimi ningelijibu, na mimi si mbunge wa mtu."

Alasiri nikaenda kusomesha. Zamu ya siku ile ilikuwa mlango wa amana, namna mtu anavyotakiwa kumfikishia mwenyewe kitu chake kama alivyokipokea. Nimeusomesha miaka mingi bila kutazama kitabu. Siku ile nilikwama katikati, nikawaambia watoto wafunge vitabu waende nyumbani.

Nikatembea kutoka skuli hadi msikitini, kutoka msikitini hadi nyumbani, nikarudi tena. Kila nikisimama moyo unanisukuma. Nilijitetea kwa ile hoja ya nasaha ya faragha. Ni mafundisho sahihi, sijayakana mpaka leo. Lakini yana sehemu mbili, wakuu. Ya kwanza ni kutomwaibisha kiongozi hadharani. Ya pili ni kumwambia.

Mimi nilichukua ya kwanza nikaiacha ya pili.

Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka kwenda Riyadh. Nikampigia kijana wa jumuiya, akanipatia muda wa saa moja naye hotelini kabla hajaenda uwanja wa ndege. Nikamwandikia Nekesa kumwomba radhi na kumuuliza kama naweza kulifikisha swali lake upya, na saa ngapi anaweza kuzungumza. Akajibu, "Saa nne asubuhi madam huwa amelala. Nitakuwa juu naanika nguo."

Nikapanda ndege ya alfajiri, goti langu likinilalamikia njia nzima.

Nilimkuta Mheshimiwa akifungua kinywa, akanipokea vizuri, akaniagizia kahawa. Nikamwambia nina amana yake iliyokaa kwangu siku tatu, na sikuwa na haki ya kuikalia. Nikamsomea swali lote, na chai ndani yake.

Akaweka uma chini. "Sheikh, umetoka Jeddah kuja kunitusi?"

"La. Nimekuja kukupa ulichoulizwa. Ulichojibu pale ukumbini nilikitunga mimi."

Akaguna. Akasema mambo ya walio ndani tayari ni ya ubalozi, yeye kazi yake ni kutunga sheria, na huwezi kutunga sheria kwa sababu ya kabati la mtu mmoja. Alisema kwa upole, na sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli.

"Basi mwambie yeye mwenyewe," nikasema. "Saa hizi yuko juu anaanika nguo."

Nilidhani atakataa. Akanyoosha mkono nimpe simu, akaiweka tusikie sote.

"Hallo, nani?"

"Ni Mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani? Mko wengi."

"Yule wa chai."

Tukasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo. "Woi. Pole, nilikuwa na hasira."

"Usiseme pole, dada. Sema shida."

Akaisema kwa kifupi, kama mtu ambaye hajui atakatizwa lini. Mkataba umeisha. Madam anasema haondoki mpaka apatikane mwingine, na huyo mwingine kila mwezi ni mwezi ujao. Mama yake amepooza upande mmoja, anaangaliwa na binti wa darasa la saba. Bila exit, ile ruhusa ya kuondoka ambayo kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, ndiye huitoa, hata akifika uwanja wa ndege atarudishwa.

"Sasa sikiza," Mheshimiwa akasema. "Hoja yangu iko na vifungu saba. Ikipita—"

"Sisi tuko kifungu ya ngapi?"

Akafungua tarakilishi yake ndogo. Wakuu, nilimtazama akisoma. Alishuka mpaka chini, akapanda juu, akashuka tena.

"Hamko," akasema.

"Haya. Angalau umesema."

Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akamuuliza anataka nini.

"Mimi nataka exit. Kifungu wekea hao wengine."

Nikamuuliza Nekesa kama ananiruhusu nizungumze na baba wa nyumba, kwa sababu yeye ndiye kafili kwenye karatasi, na kama anaogopa niache.

"Zungumza. Nimechoka kuogopa. Lakini Ustadh, usimwambie vile uliambia Mheshimiwa siku ile. Mwambie vile iko."

Nilistahili.

Mheshimiwa akaandika maelezo yote ya Nekesa, akaahidi kuyapitisha ubalozini akiwa njiani. Alifanya hivyo, nina nakala.

Mimi nilimpigia baba wa nyumba baada ya adhuhuri, kwa namba aliyonipa Nekesa. Nilimsalimia kama wanavyosalimiana watu wa huku, nikamuulizia afya na watoto na wazazi, kisha nikasema neno kwa neno. Mkataba umeisha, anataka kwenda kwao, pasipoti iko kabatini, hajaridhia kubaki.

Mtu yule akasema mkewe alimwambia dada amekubali kuongeza miaka miwili.

"Yeye mwenyewe kakwambia hataki?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi halas, yamekwisha," akasema, na akakata.

Sikujua hiyo halas ni ya heri au ya shari. Siku tisa sikutulia. Simu ya Nekesa ilikuwa imezimwa. Nilisali, nikasoma, nikagombana na mke wangu kwa jambo la chumvi. Nilijiona nimemtia mtoto wa watu hatarini kwa ajili ya kujitakasa mimi.

Siku ya kumi ikaingia picha ya karatasi ya exit, na chini yake neno moja, "Imetoka." Simu alikuwa amenyang'anywa na madam, baba akamrudishia pamoja na pasipoti na tiketi.

Wiki mbili baadaye alinipigia kutoka kwao Bungoma. Nikasikia kuku, na sauti ya mwanamke mzee inayouliza ni nani huyo. Nikamshukuru Mola wangu, macho yakaniingia maji.

"Ustadh, nimefika," akasema. "Lakini mahali pangu wameleta mwingine. Nilimwonyesha jikoni siku mbili. Ni msichana wa Kakamega, passport yake iliingia kwa kabati ileile nikiona. Nimekutumia namba yake."

Wakuu, ndiyo maana naandika leo. Namba ninayo. Nimemtumia Mheshimiwa pamoja na maneno ya Nekesa kama yalivyo, nikamuuliza kifungu cha nane, cha walio ndani tayari, kimefika wapi. Alama mbili zimekuwa za buluu tangu juzi, jibu bado. Huenda ana shughuli, na mimi ni mtu wa subira. Ila subira ya kungoja na mdomo umefumbwa nimeshaionja, na aliyelipa hakuwa mimi. Kesho baada ya alfajiri nampigia, na keshokutwa tena.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye shida akikukabidhi maneno yake, makali yake ni sehemu ya shida. Ukiyakata umempunguzia mkubwa uchungu, mdogo umemwachia wote. Kama unaona haya kuyasema mbele za watu, yaseme faraghani, lakini yaseme.

Sasa nataka kusikia kwenu, khasa mlioko Riyadh, Doha, Muscat. Viongozi wakija huko, maswali yenu husomwa na nani, na hufika yakiwa mazima? Na masheikh na wachungaji mliomo humu, mnipinge kama nimekosea kuhusu nasaha.

Mwenye kumfahamu mtu wa kumfikia yule dada wa Kakamega kwa usalama, aniandikie inbox. Nitakuwepo.