Kitako cha Rangi ya Chungwa

Kwenye rangi ya gari mimi sina mpinzani. Niliwahi kunyoosha na kupaka mlango uliogongwa na lori, mwenyewe alipokuja akanigombeza kwamba nimembadilishia mlango. Kwa hiyo shemeji yangu alipoingia gerejini Jumatano mchana, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gazeti kama kitoto kichanga, alikuwa amefika penyewe.

Huyu ni mume wa dada yangu, na sisi sote tunamwita Ndio Mkuu. Miaka ishirini na sita alilinda geti la ghala la saruji, na neno lake lilikuwa hilo moja, kwa mkurugenzi na kwa dereva wa lori. Hata ukimkanyaga: "Ndio, mkuu." Magoti yamekwisha, kifua kinakoroma vumbi, lakini kwenye viatu vyake ungeweza kunyolea ndevu. Na ile bunduki ya marisau aliyopewa na kampuni! Kila asubuhi alikifuta kitako chake cha mbao kwa mafuta mpaka kikang'aa kushinda kipara changu. Dada alikuwa akilalamika, "Nimemzalia watoto wanne, sijapakwa mafuta hivyo hata siku moja."

Basi, kitako kikapasuka. Aliteleza kwenye ngazi za ofisi, akaiangukia bunduki, mbao ikawa vipande viwili. Kampuni ikamwambia: umevunja, tafuta kingine. Na Ijumaa mkaguzi anakuja kupunguza walinzi, na mwenye miaka hamsini na minane hatafutiwi kosa kwa tochi. Akazunguka maduka ya silaha mpaka soli zikalia. Kilichopatikana cha kuingia kwenye bunduki ile kilikuwa kimoja tu, cha plastiki, kilichotengenezwa kwa watu wanaoshindana kulenga shabaha. Rangi ya chungwa. Tena chungwa lililoiva.

Nilipofungua gazeti nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Shemeji! Unalinda saruji au unauza soda?"

"Kanuni inataka nyeusi, shemeji. Nipakie nyeusi, isiyong'aa. Wakiiona hivi Ijumaa, sina kazi."

"Waache waione. Wezi watapanga foleni kuja kuuliza bei."

"Ndio, mkuu," akasema, akacheka kidogo ili nisijisikie nacheka peke yangu.

Sasa, plastiki ina taratibu zake. Unaiosha kwa sabuni, unaisugua kwa msasa, unaipaka rangi ya kushikia, ndipo unaweka nyeusi. Nilipokishika, kikaniteleza mkononi. Nikanusa. Mafuta! Jamaa alikuwa ameifuta plastiki kwa mafuta ya mbao, kwa mazoea yake na kwa heshima, asije akaniletea kitu kichafu.

Ningemwambia. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nilikuwa na bampa mbili zinasubiri, na, sitadanganya, nilishaanza kuiona picha: rangi inabanduka, Ndio Mkuu anabaki na kiganja cheusi, tunacheka mwaka mzima. Nikakipulizia nyeusi hivyo hivyo, juu ya mafuta. Kikatoka kizuri! Mimi hata nikiharibu, naharibu vizuri.

"Shemeji, una mkono wa dhahabu," akaniambia.

"Leo ndio unajua?"

Ijumaa nikaenda kutazama, nikasingizia nafuata mfuko wa saruji. Walinzi tisa walikuwa wamejipanga juani. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akaamuru bunduki zipandishwe begani, shavu kwenye kitako, kama wanalenga. Wakakaa hivyo jasho likiwatiririka. Alipoamuru zishushwe, Ndio Mkuu alikuwa na shavu moja jeusi tii, na chungwa linachungulia kwenye kitako kama goti kwenye suruali iliyochanika. Kicheko cha kwanza kilikuwa changu, nakiri. Wenzake wakafuata.

Mkaguzi hakucheka.

"Hii ni nini, mzee?"

"Rangi, mkuu."

"Uliipaka ili unidanganye mimi?"

"Ndio, mkuu."

Kinywa kilimtangulia, kama siku zote. Mkaguzi akatoa kalamu. Kitako kilichovunjika kingesameheka labda, lakini kumdanganya mkaguzi, na mwenyewe amekiri mbele ya watu? Walimvua mkanda na kofia palepale. Kitako wakakifungua, wakamrudishia, kwa kuwa ni mali yake. Akapita getini akiwa na shavu lile lile, na kwa kuwa wenzake wote walikuwa bado mstarini, hakuna wa kumfungulia, akajifungulia mwenyewe, akalifunga vizuri nyuma yake.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Nilijua amekuja kupigana, nikavaa viatu kabisa. Kumbe ameshika mikono pamoja.

"Nisamehe, shemeji. Wenzangu wameniambia rangi haishiki kwenye mafuta. Nilikipaka mafuta mimi mwenyewe. Nimekuharibia jina."

Ningefanyaje? Nikamsamehe.

Sasa yuko gerejini kwangu, anaosha bampa. Kitako nimekitundika ukutani, na wateja wakikiulizia nawasimulia mkasa wote, naye anasimama pembeni na ndoo yake, anacheka panapochekesha. Pale nilipokinusa huwa naparuka. Kila bampa anaiosha mara tatu, anaisugua, anaipeleka puani, kisha ananiletea.

"Nusa na wewe, shemeji, uhakikishe."

Nanusa.

"Safi?"

"Safi. Usinipotezee muda."

"Ndio, mkuu."