Kabati la Kijani la Delmar Rupp

Mume wangu Orrin ana kofia ya kuwindia. Zamani ilikuwa nyekundu. Sasa sijui niiite rangi gani. Inaning'inia msumarini kwenye mlango wa chumba chetu cha chini, na utepe wake wa ndani umeganda jasho la miaka thelathini. Kila Jumatatu, siku yangu ya kufua, naitolea macho, naye huniona.

"Arvilla, hiyo usiiguse."

Basi ndivyo tulivyoishi. Wenzangu waliolewa na walevi, mimi nikapata mtu asiyetaka kitu kioshwe.

Sababu anayo, tena ndiyo inayotulisha. Tangu kiwanda cha matofali kifungwe, huu mwaka wa kumi na tisa, Orrin anauza kwenye mnada wa mtandaoni vitu vya wawindaji waliokufa. Katika bonde letu hili la Pennsylvania kila mwanamume wa rika lake alijaza risasi zake mwenyewe. Aliokota maganda matupu, akayatia fataki mpya na baruti, akayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu hapo hapo kwenye benchi lake. Sasa wanaondoka mmoja mmoja, na wajane wanabaki wakiyakodolea macho makoleo, mizani ndogo na makopo ya baruti yasiyo na kitu. Wanampigia Orrin. Kuna watu huko mbali wanaolipa dola themanini kwa kopo tupu, mradi karatasi yake haijachanika, halafu wanalalamika nauli ya posta ni kubwa. Jamani, dunia ina watu.

Kazi ya kufunga vifurushi ni yangu. Nina miaka sitini na tisa na vidole vyangu vinanuka gundi.

Orrin ana utaratibu wake, na haubadilishi hata umlilie. Hatazami bei ambayo mtu anaomba. "Kuomba ni bure," husema. Anatafuta vilivyokwisha kununuliwa, pesa ikatoka mfukoni kweli, anaandika kwenye daftari kwa penseli. Na akiandika tangazo la kitu, anaanza na kasoro. Ufa, kutu, skrubu iliyobadilishwa, yote yanatangulia. Mjane mmoja aliwahi kumuuliza, "Wewe unaniuzia au unanisengenya?" Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vya Orrin havijitembezi, vinaungama. Lakini kwa miaka yote hiyo hajarudishiwa kifurushi hata kimoja, na hilo analijua, na analishikilia kwa sababu hana jingine la kujivunia.

Januari akafa Delmar Rupp. Huyu hakuwa mteja. Yeye na Orrin waliwinda kulungu pamoja miaka arobaini na mmoja, na hapa kwetu hiyo ni zaidi ya undugu. Hospitalini Delmar alimshika mkewe Twila mkono akamwambia, "Paa limo kwenye kabati la kijani. Mwite Orrin, asiguse mwingine."

Paa la nyumba yao lilikuwa likivuja upande wa chumba cha kulala. Theluji ikiyeyuka, maji yalidondoka kitandani. Twila aliweka sufuria lake kubwa la tambi juu ya godoro, yeye mwenyewe akahamia kulala kwenye kochi. Fundi alitaka dola elfu nne na mia nane kwa upande ule tu. Orrin alilijua kabati lile la vifaa vya risasi kama mfuko wake. Njiani kwenda kwa Twila, mwezi wa tatu, aliniambia, "Zimo elfu tano, mama. Delmar hakusema uongo." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia na uchangamfu tangu mazishi.

Twila alitupokea mlangoni na aproni, macho yanang'aa. "Njooni, njooni. Shemeji, funga macho kwanza."

Akafungua kabati. Loo! Kila kitu kilimetameta. Makoleo, kalibu, vipimo vya baruti, vyote vyeupe kama vijiko vya harusi.

"Wiki tatu!" Twila akasema. "Siki na waya wa kusugulia masufuria. Tazama vidole vyangu. Delmar hakuwa mtu wa kusafisha, nikasema wasije wakamwona mchafu huko mtandaoni."

Orrin alichukua koleo moja, akaligeuza, akalirudisha. Akachukua kalibu, akaigeuza. Nilikuwa nyuma yake, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

"Umefanya kazi, Twila," akasema.

"Si ndiyo?" Akatukatia pai ya tufaha. Tulikula, tukanywa kahawa, tukapakia masanduku kwenye gari. Orrin akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha.

"Ameviua," akasema.

"Vyote?"

"Vyote, Arvilla."

Kwa asiyejua: wanunuzi wa vitu hivi hawalipii chuma. Wanalipia ile ngozi ya kwanza, weusi wa kiwandani, na uzee ulioingia wenyewe juu yake taratibu. Ukiutoa, hakuna duniani wa kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Na Twila angejuaje, maskini? Usilolijua ni usiku wa giza.

Nyumbani tuligombana. Nilimwambia, "Andika 'visafi sana'. Si uongo, ni visafi kuliko sahani zangu."

"Huo ni uongo uliooga."

"Twila atasoma! Unajua anasoma kila tangazo lako, neno kwa neno."

"Najua."

"Basi mpigie, mwambie kwanza kwa mdomo wako."

Akavua miwani akajisugua macho. "Siwezi. Ile meza yetu pale ukumbi wa zimamoto tulikuwa kumi na wawili. Nimewazika kumi na mmoja. Kila mara ni mimi nakwenda kumwambia mke wa mtu kwamba alichoachiwa si kitu. Leo nimechoka. Tena huyu ni Twila."

Nilimhurumia na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Akaandika kama alivyozoea: *Kasoro: vimesuguliwa hadi chuma. Rangi ya kiwandani haipo tena.* Hakuandika ni nani aliyesugua.

Siku sita Twila hakupiga simu. Ijumaa ilikuwa karamu ya samaki wa Kwaresima pale ukumbi wa zimamoto, na anayekaanga viazi siku zote ni yeye. Hakuja. Viazi vilikaangwa na mke wa mchungaji, vikaungua. Orrin alikula nusu akasukuma sahani.

Jumapili alasiri mnada ukafungwa. Kwa kawaida dakika ya mwisho ndiyo ya moto: watu hujificha wiki nzima, halafu madau yanaruka kama bisi. Safari hii tulikaa mbele ya kompyuta tukisubiri, na hakuna aliyeruka. Kabati zima likaleta elfu moja na mia saba na kitu. Orrin akaandika kwenye daftari lake, akalifunga, akaenda kulala saa kumi na moja jioni kama mgonjwa.

Asubuhi yake Twila akaja. Hakubisha mlango. Alivaa koti la kanisani, mkoba ameukumbatia kifuani. Akakaa mezani kwangu jikoni.

"Nimesoma," akasema.

Orrin akabaki amesimama.

"Ungeniambia, shemeji."

"Ndiyo. Ilinipasa nikuambie."

"Umekunywa kahawa yangu. Nimekukatia pai, unanitazama tu, unaniambia nimefanya kazi."

"Nimekosa, Twila. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi? Wiki tatu, Orrin! Usiku na mchana nasugua, naongea naye, namwambia Delmar tazama, unapendeza. Kumbe nalisugua paa langu mwenyewe linakwisha. Aliniachia, nikaliharibu kwa mikono hii. Sasa nikimkuta huko aliko nitamwambia nini?"

Nilimshika bega. Orrin alivuta kiti akakaa mbele yake, akainamisha kichwa, na akakubali kugombezwa mpaka Twila mwenyewe akachoka.

Alipokwisha kupangusa pua, akafungua mkoba akatoa kitu kimefungwa kwenye taulo la vyombo. "Na hii je? Nilikuwa sitaki kuileta, ni aibu. Haikuwa kabatini, ilikuwa juu ya benchi lake. Alimimina nayo risasi Novemba, kabla ya msimu. Nilitaka kuisugua kama zile nyingine, nikaona hapa." Akaonyesha. Ilikuwa kalibu ndogo ya mkononi, yenye mipini miwili ya mbao, na kwenye mpini mmoja weusi wa kidole gumba ulikuwa umezama ndani kabisa ya mbao. "Nikashindwa. Nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Nikadhani kwa uchafu ule haifai kitu."

Orrin akafuta miwani kwa shati, akaivaa. Akaipeleka kalibu dirishani. Akasoma namba iliyopigwa ubavuni, akaisoma tena. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulijua alikuwa nayo hii? Mimi sikujua. Miaka arobaini, mjinga yule, hakunionyesha hata mara moja!"

"Alikuwa nayo tangu mlipoanza kuwinda. Alisema ungemsumbua aiuze."

"Ningemsumbua, ndiyo!"

"Bei gani? Na safari hii nataka ukweli."

"Kalibu ya ukubwa huu kiwanda kiliitengeneza muda mfupi kikaiacha. Elfu tatu. Pengine na zaidi."

"Ebo!" nikasema mimi. "Kwa uchafu ule?"

"Kwa kutoguswa," Orrin akasema. Kisha akaiweka mezani mbele ya Twila, polepole. "Lakini si lazima uiuze. Tunaweza kutafuta njia. Watu wa zimamoto wakipanda na mbao na lami..."

"Watu wa zimamoto wana miaka sabini na tano. Nani atapanda, wewe na hiyo nyonga yako ya chuma? Ukianguka nitakuzika kwa pesa gani?"

Tulicheka, sote watatu, kicheko kibovu cha watu ambao hawajalala vizuri siku nyingi. Twila akaishika kalibu. Akakiweka kidole gumba chake juu ya weusi ule. Kilikuwa kidogo, weusi ukabaki ukionekana pande zote.

"Alisema paa limo," akasema. "Sitamfanya mwongo kaburini. Iuze."

Orrin aliandika tangazo lile pale pale mezani, Twila akimtazama juu ya bega. Akaanza na kasoro, kama kawaida. *Kasoro: mpini wa kulia umeingia weusi wa mkono wa mtu mmoja, miaka arobaini na mmoja. Haijasafishwa. Mjane wake hakutaka.*

"Hiyo ni kasoro?" Twila akauliza.

"Kwenye kitabu cha wakusanyaji ni kasoro."

"Haya. Iache."

Jumapili iliyofuata alikuja kukaa nasi, mkono mdomoni. Wiki nzima dau lilikuwa limelala kwenye mia tisa. Dakika ya mwisho ikafika, namba zikaanza kuruka: elfu moja na mia nne, elfu mbili, elfu mbili na mia sita. Twila alinishika mkono mpaka ukaniuma. Ikasimama kwenye elfu tatu mia moja na arobaini, mtu wa Nebraska. Orrin hakudai senti yake ya kazi. Ukijumlisha na zile za kwanza, fundi analipwa, na Twila anabakiwa na vijisenti vya mkono.

"Basi limo," Twila akasema. "Limo kweli." Halafu akalia kwa sauti, kilio ambacho mazishini hakukitoa, akilitaja jina lake. Orrin akatoka nje kwenda kutazama gari lisilo na ubovu wowote.

Kifurushi nilikifunga mimi. Niliizungushia kalibu karatasi laini mara tatu, Orrin amesimama juu yangu, "Gundi isiguse mpini, Arvilla. Isiguse mpini." Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Kesho yake Jumatatu, siku ya kufua. Orrin alikuwa kwenye kiti chake chumba cha chini, miguu juu ya sanduku, macho yamefumba. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane hapakuwa na mtu wa kunizuia. Nikaitoa kofia msumarini. Nikaigeuza. Ndani jasho lilikuwa limechora duara la kichwa chake, kichwa kile kile nilichokuwa nikikiona kanisani nikiwa msichana, na unywele mmoja mweupe umenasa kwenye mshono. Mashine ilikuwa imeshaanza kujaa maji.

Kisha nikairudisha kofia msumarini, na unywele wake ndani.

"Umeiosha?" akauliza bila kufumbua macho.

"Nimechoka," nikamwambia. "Lala."