Kaseti ya Ninja Iliyokwenda Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja hakunionyesha kompyuta. Alinipa pamba na spiriti, akaniambia nisafishe kichwa cha tepu rekoda. "Busia hii ina vumbi, bwana. Vumbi likiingia, ninja haamki."

Nyinyi mnaogusa kioo cha simu na gemu inafunguka, nisikilizeni. Kompyuta yetu ilikuwa kibodi nene iliyochomekwa kwenye televisheni, na gemu zilikaa kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki. Ukibonyeza, kaseti inalia kwa sauti ya kukwaruza masikio, na kompyuta inaimeza kelele hiyo polepole. Hiyo ndiyo tuliita kupakia. Fundi wa kuchomelea jirani akiwasha mashine, umeme unacheza, nawe unaanza kupakia upya. Weee, nilimtukana sana yule mtu!

Gemu zilikuwa nyingi, lakini wateja waliolipia kucheza walikuja kwa ninja. Mtu wa nguo nyeusi, uso umefunikwa, anaingia jumba la adui chumba kwa chumba, anaokota funguo na kamba, anapiga walinzi mateke, anatafuta upanga wa bwana wake ulioibwa. Wachuuzi wa mahindi walipanga foleni, na Afisa wa Forodha mmoja pia, kofia kwapani, wakingoja zamu ya kushika kijiti cha kumwongoza ninja.

Mimi nilikuwa nimetoka Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu. Kaka yangu Ouma alifukiwa na udongo huko. Tulimtoa hai, lakini mguu wake haukupona. Niliapa sishuki tena, na kazi nyingine sikuwa nayo ila hii ya Meneja.

Sasa Meneja alikuwa na desturi yake. Aliogopa wenzake wa biashara ng'ambo ya mpaka wangenakili ninja, kwa hiyo aliificha kaseti ndani ya jalada la nyimbo za kwaya. "Nani ataiba nyimbo za Mungu?" alisema, akacheka sana. Kumbe na kwaya zilileta kaseti zao kwetu kunakiliwa. Jumamosi moja, shule zimefungwa na chumba kimejaa watu, nilikwenda kununua fyuzi. Mwalimu wa Kwaya kutoka Tororo akaja kuchukua kaseti yake, naye Meneja, kwa mkono wake mwenyewe, akampa ninja.

Niliporudi tulipakia iliyobaki. Ikaimba haleluya.

"Nenda Tororo," Meneja akasema. "Ukirudi bila ninja, usirudi."

"Lakini bosi, si wewe uliyempa?"

"Nani bosi hapa?"

Mwenye nguvu mpishe. Nilipanda pikapu ya mihogo, nikiogopa watarekodi juu ya ninja. Kaseti ina kijino nyuma. Ukikivunja, hairekodiki tena. Cha ninja nilikivunja zamani. Lakini watu wa kwaya wana dawa yake: wanashindilia karatasi kwenye tundu, wanarekodi watakavyo.

Nilifika kanisani wanakwaya wakijipangusa jasho, wamefurahi. "Karibu, ndugu!" Mwalimu akanipokea. "Tumemaliza kurekodi sasa hivi!"

Niliitazama kaseti. Tundu lilikuwa limezibwa kwa karatasi. Nikakaa sakafuni.

"Mwalimu, mmerekodi juu ya ninja."

"Juu ya nani?"

"Juu ya kazi yangu. Mimi narudi shimoni."

Alinitazama kwa huruma, haelewi. "Wewe sikia. Hii kaseti yenu mbaya. Nyimbo zetu hazimo, mwanzo inapiga kelele kama mashine ya kusaga posho. Mimi nasema, hapa tutaaibika. Nasukuma mbele mpaka inanyamaza, ndiyo tunaimba."

Akairudisha mwanzo, akabonyeza. Ile kelele ikalia, nzima kabisa! Haki ya Mungu, nililia machozi. Akina mama wa sauti ya kwanza walimshangaa mwanamume mzima akikumbatia tepu rekoda.

Tulimnakilia Mwalimu wimbo wake, lakini Meneja alikataa kuufuta kwenye yetu, asije akamgusa ninja. Tangu siku hiyo, kupakia kukiisha, nachomoa waya unaounganisha tepu na kompyuta, tepu inaendelea kwa sauti, na ninja anapiga walinzi mateke huku kwaya ya Tororo ikimshukuru Bwana. Wateja wakikuta kimya walidai wimbo.

Baadaye nilihamia Malaba chini ya Mama Msimamizi, kutengeneza kompyuta za ofisi. Aliniita "mtu wa kelele" mpaka siku ya kuagana. Nikamalizia kiwandani Osukuru chini ya Fundi Mkuu, mzee mkali. "Safisha kwanza, lalamika baadaye," alituambia, na mara nyingi vumbi ndilo lililokuwa na makosa. Shimoni sikushuka tena.

Nilipostaafu tulifanya ibada ya shukrani kanisani kule Tororo, Ouma kando yangu. Kwaya ikasimama, ikaanza wimbo ule ule. Mbele yetu alikaa mzee mmoja, na mkono wake ukaanza kuzungusha kichwa cha bakora, kushoto, kulia, kushoto. Alipogeuka nikamtambua: Afisa wa Forodha.

"Ule upanga," akaninong'oneza, "sikuupata mpaka leo."

"Chumba cha mwisho, nyuma ya pazia."

"Afadhali!" akasema, akashusha pumzi ndefu.

Mimi nikaitikia kibwagizo kwa sauti yangu yote. Wimbo ule ungeanza mapema kidogo tu kwenye kaseti, ningezeekea Tiira.