Chungu cha Bi Mize

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, kijijini kwetu upande wa Gando, hakuna aliyethubutu kutia chungu chenye masizi katika chemchemi. Maji yalichotwa kwa kata ya kifuu tu. Masizi yakigusa jicho la maji, wazee walisema, mwenyewe asiyeonekana hukasirika akahama, na mto ukakauka. Mwenyewe huyo hatukumtaja jina, na hata leo, na uzee wangu wote, simtaji.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, mpunga wa bibi yangu, Bi Mize, ukiwa ndio kwanza unatoa mashuke. Huko juu, karibu na chemchemi, Bwana Seif mwenye shamba akauziba mto kwa vigogo vya migomba na udongo, apate kunyweshea tambuu zake, yale majani ya kutafuna. Bondeni kwetu ardhi ikapasuka. Wanaume walikwenda kumwomba mara mbili, wakarudi na maneno matamu na mikono mitupu. Na mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka.

Asubuhi moja bibi alichukua chungu chetu cha wali, cheusi tititi kwa chini, akajitwika.

"Twende," akaniambia.

Nilimfuata huku nalia, maana nilijua anakwenda kutenda nini.

Bi Zuwena, mkewe Bwana Seif, tulimkuta chemchemini anachota maji.

"Sabalkheri, Bi Zuwena," bibi akasema, akaingia majini hadi vifundoni.

"Bi Mize! Una wazimu? Tutakauka sote!"

"Sie tushakauka. Mmebaki nyie."

Akakiteremsha chungu. Baina ya masizi na maji hapakuwa na upana wa kiganja.

Bi Zuwena hakwenda kumwuliza mume. Aliwaita vibarua, na kigogo cha kwanza alikivuta mwenyewe, kanga zimerowa chapachapa. Tangu siku hiyo tambuu zilinyweshwa asubuhi. Kuanzia adhuhuri maji yalikuwa ya mpunga. Tulivuna. Si mwingi, lakini tulikula.

Baadaye nilimwuliza, "Bibi, ungekitia kweli?"

"Ningekitia. Halafu ningeililia chemchemi ile kuliko mtu yeyote."

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa akitisha tu. Sasa nami nina wajukuu wanaoningoja niwapakulie, na ninamwamini.