Lori la Gereza Halina Dizeli

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa bila ganzi. Nakuita mwanangu ingawa niko Form Three tu, na ndevu zangu unaweza kuzimaliza kwa kuzipuliza. Lakini wewe uko Form One, na nimesikia ukiringa kwamba likizo hii utasaidia watu wa Gilgil kubeba mafuta. Kwa hivyo keti, mzee aongee.

Binamu yangu Kevo alikuwa na pikipiki. Madereva wa matangi ya mafuta wakisimama pale Gilgil, walimchotea petroli kwa mitungi, naye akaileta mtaani kwetu Bondeni kuuza. Zamani ukishikwa ulilipa faini, ukarudi nyumbani ukanywa chai. Halafu sheria ikakazwa: kubeba mafuta hivyo ni jela. Kevo alisikia kwa redio, akacheka. Haikupita wiki akashikwa.

Hakuwa peke yake. Vijana wa mafuta walimiminwa rumande mpaka seli ikafura. Walilala kwa ubavu, wamebanana, na mmoja akitaka kugeuka, wote wanageuka. Blanketi moja, watu watatu. Na Kevo ana pumu tangu utotoni.

Siku ya kesi, shosho, nyanya yetu, alitoka kwake Ndabibi na lile koti lake la kanisa, aje amwekee dhamana. Tukakaa kortini Nakuru. Wengine wakaitwa, Kevo haitwi. Mwishowe karani akatoka.

"Watu wa rumande hawaji leo. Lori la gereza halina dizeli. Mrudi mwezi ujao."

Mdomo wangu hauna breki. "Si wangeambia Kevo? Angewaletea mitungi miwili kabla ya chai ya saa nne."

Benchi nzima ikacheka. Hata karani alificha meno. Shosho hakucheka.

"Hiyo pumzi unachekea," akaniambia polepole, "mwenzako anaitafuta huko ndani."

"Shosho, nilikuwa nachokoza tu."

"Chokoza. Lakini sisi wawili tunaenda kulala nyumbani."

Nikamshika mkono, tukaondoka. Waliokaza sheria walikumbuka kufuli, wakasahau blanketi, dawa na dizeli.

Mwezi uliofuata lori lilikuja. Kevo aliingia kortini askari wawili wakimshika makwapa. Hakimu alimtazama mara moja, akakubali dhamana. Sasa yuko Ndabibi kwa shosho. Kutoka mlangoni hadi kwa ng'ombe anapumzika njiani, na kesi bado iko. Wakimfunga, mwanangu, sidhani atarudi.

Basi nasaha yangu ni hii, na hapa sichekeshi. Usijiambie, "ni kifungo kidogo, nitatoka." Hakimu atakupimia miezi, lakini seli iliyojaa inakuongezea adhabu ambayo hakuna mtu aliyeisoma kortini. Na mchuma janga hula na wa kwao. Shosho hajalala vizuri tangu siku ile. Mtu akikupa mtungi ubebe, mwambie mgongo unakuuma. Akikuita mwoga, kubali haraka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nimekaa kwenye hicho kilio.

Mungu akutunze, mwanangu. Akuzeeshe na kifua chako kizima, na kila asubuhi akuamshe kwenu, mamako akikugombeza.