Sare Tuliyoivua Mbele ya Wageni

Sufu iliyonyunyiziwa maji ikipitishiwa pasi ya moto hutoa harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Wengine hukunja pua. Mimi nikiinusa, hata leo nikipita tu mbele ya dobi, narudi Bertrams, mtaa wetu wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, kwenye chumba chetu cha mbele ambako mama aliweka cherehani zake, meza ya kukatia nguo na kioo kirefu chenye ufa, nami niko chini ya meza naokota pini kwa sumaku.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo kutoka Bukavu, Kongo. Mtaani walimwita Mama Riziki, na Riziki ndiye mimi. Magauni ya harusi, nguo za ubatizo, sare za kwaya, yote hayo yalipita mikononi mwake, na akikosea kipimo ilikuwa habari ya mtaa mzima, kwa sababu haikutokea mara nyingi. Najisifia? Najisifia, mtanisamehe. Ninayotaka kuwasimulia ni siku ambayo nilidhani sifa zote hizo zimekwisha.

Mwaka huo lilikuja mjini tamasha la Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa ya Ulaya, nchi ya theluji ambako hufuga wanyama wenye pembe kama matawi makavu. Palikuwa na nyimbo, vyakula, na mijadala ya wazi kuhusu ardhi yao, lugha yao na haki zao. Waandaaji waliomba kwaya za jiji zije kuwakaribisha wageni. Kanisa letu lilikuwa ghorofani, katika jengo kuukuu juu ya duka la mablanketi, na kwaya yake ya watoto ikachaguliwa.

Sasa, kama umewahi kukaa na Wakongo unajua kilichofuata. Hakuna sherehe bila sare. Mke wa mchungaji wetu, Mama Mchungaji kwa wote, aliuliza watoto watavaa nini. Mama akatoa simu yake akamwonyesha picha ya bango la tamasha: mwanamke ndani ya gauni la sufu la buluu, lenye mikanda myekundu na ya njano mabegani na kwenye pindo.

"Tutashona kama ya kwabo," mama akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Bageni bakifika bakute tunafanana nabo, bajue bako kwabo."

Kina mama wa kanisa wakapiga vigelegele, na kesho yake mama akaenda kwenye maduka ya jumla mjini, akarudi na jora la sufu begani. Kielelezo hakuwa nacho ila picha za kwenye simu, basi akachukua mkono wa gauni hili, kola ya lile, mikanda ya jingine. Kola ile ilimtoa jasho. Aliikata, akaifumua, akaikata tena. Nyumba ilinuka mbuzi kwa wiki kadhaa. Lakini siku alipotusimamisha mbele ya kile kioo tukiwa tumevaa, sote tulisukumana kujitazama. Tulipendeza mpaka tukaoneana haya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Juni, ambayo kusini huku ndiyo kipupwe, baridi ya kukata masikio. Tulivaa majaketi juu ya sare na kuyafunga zipu, maana tulitaka wageni washtukie tu tumezuka mbele yao. Tungeimba baada ya mjadala wa asubuhi, kwa hiyo tulikalishwa safu ya nyuma. Mama alikaa kati yangu na mdogo wangu Amani. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, cha bei na vipimo. Mimi niliyezaliwa hapa ndiye niliyemtafsiria kliniki, shuleni, benki, na siku hiyo nikamtafsiria mjadala.

Jukwaani alikuwepo mama mmoja wa Kisami, mwembamba, mwenye nywele nyeupe. Walimtambulisha kama Inga. Alizungumza taratibu, nami nikawa namnong'oneza mama kila sentensi. Inga alisema migodi imefika hadi kwenye malisho yao na hakuna aliyewauliza.

"Kama kwetu," mama akaguna.

Inga akasema alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya bweni, akakatazwa lugha yake, na vazi alilokuja nalo likatiwa kwenye gunia. Mama akanifinya goti niendelee. Ndipo Inga alipogusa mkanda wa begani mwake. Vazi hili, akasema, si nguo tu. Msami akiliona anajua umezaliwa wapi na wewe ni wa ukoo gani. Siku hizi watu wasiotujua wanashona ya kuiga, wanayavaa kwenye sherehe kwa kujifurahisha na kupiga picha. Wala hawatuulizi.

Niliyatafsiri hayo pia, neno kwa neno.  Mama alitazama safu yetu, kola za buluu zikichungulia kwenye majaketi.

"Rudilia," akasema. Nikarudia.

Tungeweza kuondoka. Mlango ulikuwa nyuma yetu, na Mama Mchungaji alikwisha kuinama akinong'ona kwamba tuseme mtoto mmoja ameugua. Mwongoza mjadala akauliza kama kuna mwenye swali. Mama akanyoosha mkono, akasimama, akanivuta nami nisimame.

"Batoto, mufungue makoti," akasema.

Zipu zililia safu nzima. Ukumbi wote ukageuka. Kuna walioshika vinywa, kuna walioinua simu. Kipaza sauti kilikuwa tayari mbele yangu.

"Ni miye njo nilishona," mama akasema, nami nikatafsiri kuwa fundi ni yeye. "Sikushona juu ya kubacheka. Kwetu mugeni mukubwa akikuja, tunavaa sare moja naye, njo heshima yetu. Sikujua kama nguo hii inasema jina la mutu. Sasa nimejua. Ninamuuliza ule mama: tubakie nayo, ao tutoe?"

Inga akashuka jukwaani. Alitembea hadi safu yetu, akashika mkono wa gauni langu, akapindua pindo na kuutazama mshono kwa muda. Kisha akatabasamu. Mkono huu, akasema, ni wa watu wa pwani. Kola ni ya watu wa bara, safari ndefu kutoka huko. Na mikanda hii, akamgeukia Amani, ni ya mwanamke aliyeolewa. Amani alikuwa bado hajaota upya meno ya mbele. Ukumbi ukaangua kicheko, mama naye akacheka nilipomtafsiria. Nilijua tumesamehewa na tutaimba nazo.

Lakini Inga aliinua uso akamtazama mama, si mimi.

"Kazi yako ni nzuri sana," akasema. "Asante kwa kuniuliza. Naomba mzivue."

Nikatafsiri. Mama akajibu, "Sawa, mama," basi. Akaanza na Amani. Chini ya zile sare tulikuwa kituko: mmoja na sweta la shule, mwingine na blauzi ya kulalia yenye picha za dubu, Amani na jezi ya mpira iliyotoboka kwapani. Mama alikunja kila gauni polepole, kama kawaida yake akimkunjia mteja. Tukapanda jukwaani hivyo hivyo tukaimba. Watu walisimama kutushangilia, Inga akiwa wa kwanza. Mimi nilichezesha midomo tu. Nilikuwa na hasira inayochoma macho. Niliona mama yangu ameaibishwa mbele ya jiji zima, na kazi ya wiki kadhaa imetupwa kwa neno la mtu mmoja.

Majuma yaliyofuata alifumua mikanda yote, na ile sufu ya buluu ikawa makoti yetu ya baridi.

Leo mimi ni mkalimani. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya haki za watu na ardhi zao. Nimetafsiri maswali mengi ya heshima kutoka kwa watu wa migodi waliokuja na jibu lao mfukoni. Wanakijiji wakisema hapana, mkutano unaahirishwa mpaka waseme ndiyo. Kila inapotokea hivyo namkumbuka fundi wa Bertrams akimvua mwanawe gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na najivunia kuwa mtoto wake. Nilikuwa pembeni yake, nikitafsiri kwa kinywa changu mwenyewe, na sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Mwaka jana nilimuuliza kama siku ile ilimuuma.

"Iliniuma sana," akasema. "Ile kola ilinipa shida mingi." Akacheka kidogo, kisha akaniangalia kama mtu anayeshangaa kwa nini nauliza. "Lakini nilipiga hodi, mwenye nyumba akasema hapana. Sasa ningeingia?"