Sista Blanketi na Wagonjwa Waliotetemeka

Alizaliwa kitindamimba wa fundi cherehani, katika nyumba ya chumba kimoja iliyotazamana na karakana ya magari. Angali msichana, mama yake alipasuliwa tumbo, akatoka akitetemeka hadi meno yakagongana. "Mwanangu, kisu sikukisikia," alimwambia. "Baridi ndiyo ilitaka kuniua." Maneno hayo yalimwingia. Akajiunga na watawa, akasomea kazi ya dawa za usingizi, na kwa kuwa hakukosa blanketi mkononi la kumfunika mgonjwa, hospitalini wakamwita Sista Blanketi, wengine kwa upendo, wengine kwa kumcheka.

Lakini watakatifu nao ni watu. Katika pupa ya mwanzo alimwekea dereva mmoja chupa za maji ya moto miguuni, akasahau kwamba aliyelala kwa dawa hawezi kusema anaungua. Dereva aliamka na malengelenge. Sista alimpigia magoti akaomba radhi, akamsafisha vidonda kwa mikono yake mpaka vikapona. Tangu hapo hakumwekea mgonjwa kitu cha moto kabla ya kukijaribu kwenye mkono wake mwenyewe.

Jaribu lake kuu lilikuwa kiyoyozi cha chumba cha upasuaji. Daktari mpasuaji, bingwa mwenye moyo mzuri lakini mwepesi wa hasira, alitaka kivume kwa nguvu zote, maana jasho lilimsumbua. Siku moja mama aliyetoka kujifungua alikuwa mezani akivuja damu, na damu ilikataa kuganda kwa kuwa mwili ulikuwa umepoa mno. Nje mumewe alikuwa amempakata mtoto. Sista akazima kiyoyozi.

"Sista, washa hicho! Nitafanyaje kazi nikitiririka jasho?"

"Daktari, wewe utalowa, yeye atakufa."

Daktari akamgeukia muuguzi: "Nifute uso, tuendelee."

Sista alimfunika mama kichwa na mabega kwa mablanketi yaliyopashwa, na damu ya kumwongezea akaipasha pia. Polepole damu ikaganda, na mama akarudi kwa mwanawe. Wapo waliouita muujiza. Yeye alinuna, akasema Mungu ametupa akili ya kufunika watu, tuitumie.

Alifariki akiwa mzee, kwa maradhi ya moyo. Waumini walipotafuta blanketi lake ili walihifadhi kanisani, walilikuta wodini limemfunika mgonjwa, na hakuna aliyethubutu kulivuta. Basi, ndugu wapendwa, tukienda kumwombea mgonjwa, kwanza tumguse miguu. Ikiwa baridi, tuifunike, ndipo tusali.